Kumtambua Nyoka wa Mahindi kwa Rangi Yake

Najua wengi wenu mkiona kichwa cha habari hii mtataka kugeuza ukurasa, maana kwetu nyoka ni kitu cha kupigwa fimbo, si kitu cha kusomwa. Ngojeni kidogo. Nyoka ninayetaka kuwaelezeni habari zake si wa hapa Uganda, wala si wa nchi yo yote ya Afrika ya Mashariki. Kwao ni Marekani, hana sumu, na watu wa huko humfuga nyumbani katika sanduku la kioo kama wengine wafugavyo njiwa au sungura. Mwaka huu mwalimu wetu wa Bayolojia alitandaza mezani picha za nyoka hao, wengine wekundu, wengine weupe, wengine wa kijivu, wengine wa manjano, akatuambia kwamba wote ni wa aina moja, na kazi yetu ni kusema kila mmoja anaitwaje na kwa nini. Tulikaa na picha zile wiki mbili. Nimeona heri niyaandike tuliyojifunza, kwa kuwa somo la urithi huwashinda wengi katika mtihani, na kwa sababu nyingine ambayo nitaisema mbele.

Kwanza tumjue mwenyewe. Wamarekani humwita nyoka wa mahindi, na jina lake la kisayansi ni Pantherophis guttatus. Linnaeus, yule Msweden aliyewapa wanyama wengi majina, alimwandika mwaka 1766. Makao yake ni majimbo ya kusini-mashariki ya Marekani, tangu New Jersey mpaka Florida, na upande wa magharibi hufika Louisiana. Hukaa katika misitu ya misonobari, mashambani, na katika maghala na nyumba zilizoachwa. Chakula chake ni panya hasa, ambao huwakamata na kuwabana kwa mwili wake mpaka wafe. Akiwa mkubwa aghalabu huwa na urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Jike hutaga mayai kumi hadi thelathini, na baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka. Akitunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 15.

Kuhusu jina lake watu wana maneno mawili. Wengine husema ameitwa hivyo kwa sababu huonekana katika maghala ya mahindi akiwafuata panya. Wengine husema ni kwa sababu ya tumbo lake, ambalo lina miraba myeusi na myeupe kama punje za yale mahindi ya rangi rangi. Mimi naipenda hii ya pili, maana inatukumbusha kulitazama tumbo, na bila tumbo mtu hawezi kumtambua nyoka huyu sawasawa.

Huwezi kusema kitu kimebadilika kama hujui kilivyokuwa. Basi mshike vizuri kichwani nyoka wa kawaida. Mwili wake ni wa rangi ya machungwa au hudhurungi. Mgongoni ana mabaka makubwa mekundu, yamepangwa moja baada ya jingine tangu shingoni hadi mkiani, na kila baka limezungushiwa mstari mweusi. Macho yake yana mboni nyeusi. Tumbo ni kama ubao wa dama. Huyo ndiye wa porini, na rangi yake humficha vizuri juu ya majani makavu ya misonobari.

Rangi hizo zote hutoka katika vitu vichache vilivyomo ndani ya ngozi. Kimoja ni melanini, ambayo ni nyeusi au ya kahawia, ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika ngozi yako na yangu. Kingine ni rangi nyekundu, na kingine ni rangi ya manjano. Pamoja na hizo ziko chembe zenye vipande vidogo vinavyorudisha mwanga kama kioo. Fikiri juu ya mchoraji mwenye vikopo vitatu vya rangi, cheusi, chekundu na cha manjano. Picha anayoichora ni ile ile kila siku, mabaka mgongoni na miraba tumboni. Siku moja akikosa kopo jeusi, ataichora picha ile ile bila mistari myeusi. Akikosa jekundu, picha itakuwa ya kijivu na nyeusi. Ukilishika jambo hili umeshika nusu ya somo, kwa sababu swali la kwanza la mtambuzi si “Nyoka huyu ana rangi gani?” bali ni “Nyoka huyu amekosa rangi gani?”

Habari hii ya kukosa ilianza kuchunguzwa zamani kidogo. Mwaka 1953 katika jimbo la North Carolina alikamatwa porini dume asiye na weusi wo wote. Baadaye tabibu mmoja wa magonjwa ya ngozi, Dr. H. Bernard Bechtel, pamoja na mkewe, walizalisha nyoka wa namna hiyo kwa uangalifu, wakihesabu watoto wa kila tumbo, na mwaka 1962 wakachapisha matokeo. Walionyesha kwamba hali ile hufuata sheria ya Mendel, ile ya njegere tuliyoisoma kidato cha tatu. Nyoka asiye na weusi akizaa na wa kawaida, watoto wote huwa wa kawaida. Lakini watoto hao wakizaa wenyewe kwa wenyewe, mmoja katika kila wanne, kwa wastani, hutoka bila weusi kama babu yake.

Sababu yake ni hii. Kila nyoka ana jeni mbili kwa kila kazi, moja ya baba na moja ya mama. Jeni moja nzima ya kutengeneza weusi inatosha. Kwa hiyo mwenye moja nzima na moja mbovu huonekana wa kawaida kabisa, nawe ukimtazama mchana kutwa hutaona alama yo yote. Huyo tutamwita mbebaji. Wabebaji wawili wakikutana, ni kama kurusha sarafu mbili za shilingi pamoja. Nafasi ya zote mbili kuangukia upande mmoja unaoutaka ni moja katika nne. Sarafu hazina kumbukumbu, wala mayai hayana. Hata kama mayai matatu ya kwanza yametoa watoto wa kawaida, yai la nne bado lina nafasi ile ile ya moja katika nne.

Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, na wenzao walionyesha mahali penyewe palipoharibika. Ni katika jeni iitwayo OCA2. Kipande cha maandishi ya urithi kisichohusika kimejiingiza katikati yake, kama mtu aliyebandika ukurasa wa kitabu kingine katikati ya maelezo ya mpishi, na jeni haiwezi tena kusomwa sawasawa.

Hapa ndipo ilipo ile sababu nyingine niliyoitaja mwanzoni. Jeni hiyo ya OCA2 sisi wanadamu tunayo pia, na katika Afrika kusini ya Sahara ndiyo inayosababisha sehemu kubwa ya ualbino. Kwa nyoka kipande kimeongezeka, lakini kwa watu wetu wengi kipande kimekatika. Mwaka 1995 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa watu wenye ualbino wa Tanzania, na wengi wao walionekana wamepungukiwa kipande kile kile kimoja. Silinganishi mtu na nyoka. Nalinganisha hesabu tu, na hesabu ni ile ile. Shangazi yangu alipojifungua mtoto mwenye ualbino, wakwe zake walimwuliza baba wa mtoto ni nani. Akarudi kwa babu na mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwuliza mumewe neno lo lote. Sasa tazama sheria ya Mendel inavyosema. Mtoto hawezi kuzaliwa hivyo kwa kupokea jeni ya upande mmoja tu. Lazima apokee moja kwa mama na moja kwa baba, na wote wawili waweza kuwa weusi tititi, na mababu zao vile vile. Nilimwandikia shangazi hesabu hiyo katika karatasi, pamoja na vile viduara vya Bwana mwalimu. Ameitunza karatasi ile ndani ya Biblia yake. Mtoto sasa yuko darasa la nne, hukaa dawati la mbele kwa ajili ya macho, na katika hesabu huwapita kaka zake.

Turudi kwenye picha. Ukipewa nyoka wa mahindi umtambue, anza na macho. Mboni ikiwa nyekundu au ya waridi, na mabaka hayana ukingo mweusi bali ukingo mweupe, basi huyo amekosa melanini, nao humwita amelanistiki, au kwa kifupi ameli. Wengi humwita albino na kushangaa kwa nini si mweupe. Jibu ni kwamba amekosa kopo moja tu. Kopo jekundu na la manjano bado yapo, kwa hiyo huwaka kama kaa la moto. Mwanadamu hana makopo hayo mengine katika ngozi yake, ndiyo maana melanini ikikosekana hubaki weupe.

Mboni ikiwa nyeusi lakini mwili hauna wekundu hata kidogo, ila kijivu, kahawia na nyeusi, huyo ni aneritristiki, kwa kifupi aneri, yaani asiye na wekundu. Namna hii huonekana hata porini, hasa kusini-magharibi ya Florida. Akikua hupata rangi ya manjano kidevuni na ubavuni mwa shingo. Shikeni sana hiyo manjano ya kidevuni, tutaihitaji punde hivi.

Ikiwa rangi zote zipo, lakini ule weusi umepunguka ukawa kahawia hafifu, na macho si mekundu, huyo ni haipo, maana yake mwenye weusi kidogo. Yuko pia wa manjano na kahawia, ambaye wekundu wake umegeuka, naye huitwa Caramel. Yuko wa rangi ya zambarau iliyofifia kama ua lililokauka, huitwa Lavender. Huyu Lavender nae ana habari yake. Mwaka 2020 watafiti wale wale wa Geneva walionyesha kwamba jeni yake ni LYST, jeni ambayo ikiharibika kwa mwanadamu huleta ugonjwa mzito wa damu na kinga ya mwili. Nyoka huishi nayo bila taabu ya namna hiyo.

Kama mambo yangeishia hapo, kazi yetu ingekwisha siku moja. Lakini makosa mawili yanaweza kumkuta nyoka mmoja. Mchukue ameli umzalishe na aneri. Utadhani watoto watakuwa weupe? La. Wote watatoka wa kawaida, wenye mabaka mekundu na ukingo mweusi! Maana kila mzazi ana jeni nzima ya kile ambacho mwenzake amekosa. Ameli ampa mtoto wekundu, aneri ampa weusi. Lakini watoto hao wote ni wabebaji wa vitu viwili kwa siri, na wakizaa wenyewe kwa wenyewe, hesabu ya wajukuu ni hii: katika kila 16 kwa wastani, 9 wa kawaida, 3 ameli, 3 aneri, na 1 aliyekosa vyote viwili. Huyo mmoja ni mweupe wa waridi, na akikua hupata manjano kidogo. Wafugaji humwita Snow, yaani theluji. Mwanafunzi atakayeikumbuka familia hii hatasahau tena ile 9 kwa 3 kwa 3 kwa 1 ya mtihani.

Kwa njia hiyo hiyo haipo pamoja na aneri hutoa nyoka wa rangi hafifu aitwaye Ghost, yaani mzuka, na ameli pamoja na Caramel hutoa wa manjano kama siagi, naye huitwa Butter.

Sasa tufike mahali pagumu, ambapo nadhani ndipo penye elimu hasa. Katika zile picha walikuwamo nyoka wawili wa kijivu ambao ungeapa kuwa ni ndugu. Mmoja alikuwa na manjano kidevuni, mwingine hana. Wa kwanza ni aneri. Wa pili huitwa Charcoal, yaani makaa. Je, ni jeni moja au mbili? Macho hayawezi kuamua jambo hili, hata ukitumia kioo cha kukuza. Njia ni kuwazalisha pamoja. Kama wote wawili wameharibikiwa jeni ile ile, watoto wote watakuwa wa kijivu, maana hakuna wa kuwapa jeni nzima. Wafugaji walipojaribu, watoto walitoka wa kawaida, wekundu kama wa porini. Wazazi wawili wa kijivu wakazaa watoto wekundu! Basi ikajulikana kwamba ni jeni mbili mbalimbali, na kila mmoja alikuwa na kilichokosekana kwa mwenziwe. Charcoal akiungana na ameli hutoa nyoka karibu mweupe mtupu, aitwaye Blizzard, ambaye haoti ile manjano ya Snow. Watu wawili wakiwatazama Snow mdogo na Blizzard mdogo wanaweza kubishana mpaka usiku, na mwenye haki ni yule aliyeandika wazazi wao katika daftari.

Kuna na kinyume chake, majina mengi kwa jeni moja. Wauzaji wana nyoka aitwaye Sunglow, mwingine Candycane, na mwingine Okeetee ya kinyume. Ukiwachunguza, wote watatu ni ameli tu. Wa kwanza amechaguliwa vizazi vingi ili asiwe na madoa meupe, wa pili ili mwili uwe mweupe na mabaka mekundu, wa tatu ili ukingo mweupe uwe mpana. Ni kama ng'ombe wetu wenye pembe ndefu, ambao wafugaji huwachagua kwa pembe na rangi, lakini ng'ombe ni ng'ombe. Hata Okeetee wenyewe, wale wa rangi ya machungwa na mabaka mekundu yenye ukingo mweusi mnene, si jeni ya peke yake. Ni nyoka wa kawaida wa mahali fulani. Jina limetoka katika klabu ya wawindaji ya wilaya ya Jasper, South Carolina, na Carl Kauffeld, aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Staten Island, alisaidia sana kulitangaza kwa maandishi yake. Kadhalika wale waitwao Miami, wenye mwili wa kijivu na mabaka ya rangi ya machungwa. Mtu akikuambia nyoka wake ni Okeetee, mwulize mababu zake walikamatwa wapi, maana bila hivyo jina hilo lina maana ya “anafanana na Okeetee” na si zaidi.

Baada ya rangi, geuza nyoka uone tumbo. Tumbo halina miraba? Basi kuna jambo. Huenda ni Motley, ambaye mabaka ya mgongoni yameungana pande zote mbili yakaacha katikati madoa kama mnyororo. Huenda ni yule wa mistari, ambaye mabaka yamepotea kabisa akabaki na mistari mirefu tangu kichwani. Hao wawili ni makosa mbalimbali ya jeni moja, na mwaka 2025 ikaonyeshwa kuwa ni jeni iitwayo CLCN2. Au huenda ni yule aitwaye Bloodred, mwekundu mtupu kama damu, ambaye mabaka ya ubavuni yamefutika. Angalieni kwamba hapa kopo la rangi halikupotea. Kilichobadilika ni mkono wa mchoraji. Kwa hiyo namna ya rangi na namna ya mabaka ni mambo mawili, nayo yanaweza kukutana, ukapata ameli wa Motley, Snow wa mistari, na kadhalika, mpaka orodha ikawa ndefu kama rejesta ya shule.

Umri nao hudanganya. Mtoto wa nyoka wa kawaida hutoka yaini akiwa amefifia, kama wa kahawia, na rangi ya machungwa huja baadaye. Mtoto wa Bloodred ana mabaka na kichwa cha kijivu, humdhanii kabisa. Mtoto wa Caramel hafanani na manjano hata kidogo, hufanana na aneri, na hata kidevu hakikusaidii kwa sababu manjano ya aneri bado haijaota. Nyoka anayekaribia kujivua gamba vile vile asipewe jina siku hizo. Ngozi yake hufifia na macho hufanya ukungu wa samawi, na mtu mwenye haraka atamwita haipo au Ghost. Mngoje ajivue, rangi yake itarudi. Na picha zenyewe hutegemea taa. Chini ya taa ya manjano kila nyoka wa kijivu huonekana Caramel.

Labda msomaji ataniuliza, kuna hasara gani mtu akikosea jina la nyoka? Iko. Kwanza ni fedha. Wamarekani na watu wa Ulaya huwauza na kununua nyoka hawa, na bei hufuata jeni, hata zile ambazo hazionekani. Muuzaji huandika kwamba nyoka wake wa kawaida ni mbebaji wa ameli “kwa asilimia 66.” Nambari hiyo si ya uchawi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, watoto wanne kwa wastani ni ameli mmoja na watatu wa kawaida. Katika hao watatu, wawili ni wabebaji na mmoja hana kitu, lakini kwa macho wote ni sawa. Wawili katika watatu ndiyo hiyo asilimia 66. Mnunuzi atajuaje? Amzalishe na ameli. Akitoka mtoto mmoja tu wa ameli, imethibitika. Yakitoka mayai kumi yote ya kawaida, nafasi ya kuwa mbebaji halafu asitoe hata mmoja ni moja katika 1,024, na mtu mwenye busara ataacha kumwita mbebaji. Muuzaji asiyeandika wazazi amuuzia mwenzake maneno matupu.

Pili ni ukoo wenyewe. Nyoka wa mahindi huweza kuzaa na jamaa zake, kama Pantherophis emoryi wa nyanda za kati za Marekani. Watoto wao wa ameli ni wa rangi ya machungwa laini iliyochanganyika na krimu, wazuri mno, na huitwa Creamsicle. Mwenye kuwaita hivyo anasema kweli. Lakini kizazi cha tatu au cha nne kikifanana tena na nyoka wa mahindi, kikauzwa kwa jina hilo peke yake, kosa hilo halitarekebishwa kwa kutazama, maana damu ya yule jamaa imekwisha kuingia katika daftari za watu wengine.

Neno moja kwa wadogo wa kidato cha kwanza, msije mkanisingizia. Haya yote ni ya nyoka wa mahindi tu, ambaye hayuko katika vichaka vyetu. Hapa kwetu rangi haikuambii kama nyoka ana sumu au hana. Ukimwona nyoka nyuma ya bweni, usimtafute kidevu. Ondoka umwite mkubwa.

Namaliza kwa mazoezi manne yaliyotushughulisha darasani. Funika majibu kwa mkono.

Wa kwanza: mboni nyekundu, mwili wa manjano, hana wekundu wala weusi, tumbo lina miraba hafifu. Wa pili: mkubwa, wa kijivu na nyeusi, mboni nyeusi, manjano kidevuni. Wa tatu: ametoka yaini wiki iliyopita, wa kijivu, mboni nyeusi, hana manjano. Wa nne si nyoka bali ni jamii nzima: mama wa kawaida na baba wa kawaida, mayai 16, wametoka 10 wa kawaida, 3 ameli, 2 aneri na 1 Snow. Waambie wazazi wao wana nini.

Majibu. Wa kwanza ni Butter. Wa pili ni aneri. Wa tatu hana jina bado. Aweza kuwa aneri, aweza kuwa Charcoal, aweza kuwa Caramel, na anayempa jina leo anabahatisha. Aulize wazazi au angoje mwaka. Kwa wale wa nne, Snow mmoja peke yake anatosha kujibu. Amepokea jeni mbovu ya weusi kwa baba na kwa mama, na jeni mbovu ya wekundu kwa baba na kwa mama. Basi kila mzazi, japo ni mwekundu mwenye ukingo mweusi kama wa porini, ni mbebaji wa vyote viwili. Wale 10, 3 na 2 hawakufuata 9, 3 na 3 barabara, na hilo si kosa, maana mayai 16 ni machache. Ukirusha shilingi mara 16 nayo haitakupa nane kwa nane kila siku.